Uwakili, Shukrani na Mkungu wa Ndizi

Katika sharika za Kilutheri zilizoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ibada ya Jumapili ya mavuno haimalizikii kanisani. Baraka ikisha kutolewa, waumini hutoka nje, wengine wakaketi nyasini, wengine wakasimama kando ya ukuta, kisha mnada huanza. Vitu vilivyoletwa madhabahuni asubuhi hutolewa kimoja kimoja: mikungu ya ndizi, debe la mahindi, maharage, magimbi, chupa ya maziwa, kuku aliyefungwa miguu, na mara nyingine beberu ambaye amekuwa akiupinga wimbo wa kwaya tangu somo la kwanza. Mzee mmoja mwenye sauti na mzaha hufanya kazi ya udalali. Hutaja bei, huwataja watu kwa majina ya baba zao, huwachokoza matajiri waliopanda kutoka mjini Moshi au waliokuja kutoka Dar es Salaam, na wala hafungi bei mpaka ahakikishe kwamba kila mwenye uwezo ameona haya kidogo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaijua minada ya samaki pwani, nao wakiuona huu wetu watauona wa ajabu. Kwenye mnada wa samaki kila mnunuzi hutaka bei ishuke. Hapa anayenunua ndiye huipandisha. Mkungu ambao sokoni Mbuyuni ungepata bei ya kawaida, hapa huuzwa mara tatu ya bei hiyo, na aliyeununua, badala ya kuuchukua nyumbani, huurudisha mezani uuzwe tena. Nimekwisha kuona yai moja likiuzwa mara nane. Lililetwa na bibi mmoja ndani ya kitambaa, likanunuliwa na mwalimu, mwalimu akalirudisha, likanunuliwa na mwenye duka, naye akalirudisha, likaendelea hivyo hivyo hadi jumla ya fedha zake ikapita bei ya mbuzi. Mwisho wa yote yai lenyewe alipewa mgonjwa. Bibi yule alikaa chini ya mti muda wote huo, mikono mapajani, akitazama yai lake linavyotembea.

Naandika haya nikiwa mchungaji niliyekwisha kustaafu, na nimesimamia minada ya namna hiyo kwa miaka mingi. Nimeombwa kueleza katika ukurasa huu neno moja ambalo katika kanisa letu hutajwa kila Jumapili, nalo ni uwakili. Nakiri kwamba neno lenyewe huwatatiza wengi. Mtu wa Forodhani akisikia kwamba dayosisi ina idara ya uwakili atadhani tumeajiri mawakili wa mahakamani, na pengine atauliza tumeshitakiwa na nani. Kwa maana yetu, wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake aitunze, aizalishe, na siku moja atoe hesabu. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, imo habari ya wakili mmoja aliyeitwa atoe hesabu hiyo, naye hakuwa tayari. Wachungaji hupenda kuihubiri sura hiyo kwa waumini. Ni nadra kumsikia mchungaji akijihubiria mwenyewe.

Kwa msomaji wa Visiwani pengine njia fupi ya kulieleza jambo hili ni kupitia wakfu. Shamba la mikarafuu au nyumba ya Mji Mkongwe ikisha kuwekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Asili yake hushikwa na manufaa yake hugawiwa, na msimamizi wake huwa si mwenye mali ingawa funguo anazo yeye. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa ajili ya shughuli hiyo hasa. Mchagga naye, kabla hajasikia habari za Kanisa, alikuwa na fikra iliyokaribia hiyo katika kihamba chake. Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba, kahawa, magimbi na miti mirefu ya kivuli, ng'ombe wakiwa zizini na makaburi ya wazee yakiwa palepale chini ya migomba. Anayekilima ameachiwa na waliolala humo, naye atawaachia wasiozaliwa. Mnamo mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikiingiza kilimo hicho, kwa mfano wake wa Shimbwe Juu, katika orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Wazee wa Shimbwe hawakuhitaji cheti hicho ili wajue wameshika amana, lakini heshima ni heshima.

Na shukrani? Kichaga kina neno lake, aika, ambalo kwa baadhi ya lahaja hutamkwa haika. Neno hilo limeingia mpaka katika majina ya watoto. Wapo akina Aikaeli na akina Aikaruwa, majina ya kumshukuru Mungu, maana Ruwa ndilo jina la Mungu kwa Kichaga, na pia ndilo jina la jua. Mtoto wa namna hiyo akiitwa shambani ama akiitwa darasani, anayemwita huwa ametoa shukrani apende asipende. Mwalimu mmoja rafiki yangu alikuwa akisema kwamba asubuhi akimaliza kuita orodha ya darasa lake amekwisha kusali.

Lakini shukrani ya midomo haijengi shule wala haimlipi mwinjilisti, na hapa ndipo historia ya kanisa la mlimani inapofaa kukumbukwa, kwani wengi hudhani limelelewa na fedha za wageni tangu mwanzo hadi mwisho. Wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walifika Machame mwaka 1893. Hawakuwa wa kwanza kwenye mlima huu. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, akitokea pwani ya Mombasa, wasomi wa Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Waanglikana walikuwako Moshi tangu mwaka 1885 wakaondoka baada ya miaka michache. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kutoka pwani wakaanzisha Kilema mwaka 1890, na shirika lao lilikuwa limekwisha kukaa Unguja tangu miaka ya 1860 kabla halijavuka kwenda Bagamoyo. Kwa hiyo kanisa la mlimani lina deni Visiwani, na deni hilo halitajwi mara nyingi inavyostahili.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza waliiteka Moshi mwezi Machi 1916. Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa nchini. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia katika miaka iliyofuata, nao walikuwa wachache mno kwa mlima mzima. Wajerumani hawakuanza kurudi mpaka mwaka 1925. Basi katika miaka hiyo ya katikati ni nani aliyekuwa akiliendesha kanisa? Waliliendesha walimu wa Kichaga na wazee wa usharika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Wachagga wa kwanza walipata daraja hilo katika miaka ya 1930. Walikuwa walimu wa shule za vijijini, wenye kitabu kimoja na ubao mmoja. Walifundisha watoto siku za juma, wakaongoza ibada Jumapili, wakazika wafu, wakasuluhisha ugomvi wa mipaka. Mshahara ulikuwa jina tu. Walikula ndizi walizopewa na wazazi wa wanafunzi, na wazazi waliowalisha ndio hao hao waliobeba mawe na kukata miti ya kuezekea.

Napenda msomaji akitafakari kipindi hicho, kwani humo ndimo nilimojifunza uwakili kuliko katika darasa lolote la theolojia. Wale watu walikabidhiwa nyumba bila kuulizwa, mwenye nyumba akaondoka, na hakuna aliyejua kama atarudi. Wangeweza kugawana vyombo. Wangeweza kusema kwamba mambo ya Wajerumani yamekwisha pamoja na Wajerumani. Waliporudi wamisionari hao walikuta kengele zinapigwa kwa saa zake. Na hata hivyo majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, kwa sababu daftari za wakati ule ziliandikwa na wale waliokuwa wamefukuzwa.

Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi hadi mwaka 1938, aling'amua jambo hili mapema kuliko wenzake. Aliona kwamba Wachagga walikuwa wamekwisha kufungamana kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, akataka usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo. Wako waliomlaumu kwamba aliitukuza mno mila ya kale, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, ukiutazama mnada wa mavuno, unaona vifungo vyake vitatu vikifanya kazi mbele ya macho yako: jirani anamchokoza jirani, mtu wa rika anamzidi bei mwenzake wa rika, na ukoo unachangishana ili usipitwe na ukoo wa ng'ambo ya korongo.

Kutoka katika mazingira hayo alitokea Stefano Moshi. Alizaliwa mwaka 1906, akawa mwalimu kwa miaka mingi kabla ya kubarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza kanisa la Kilutheri la kaskazini, akawekwa kuwa askofu wake mwaka 1960. Na makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, hadi alipofariki mwaka 1976. Uongozi wake uliangukia katika wakati ambao swali la uwakili lilikuwa swali la taifa zima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimwuliza kila kiongozi mali aliyonayo ameipataje. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilifuatwa na shule za makanisa kuchukuliwa na Serikali, nazo mlimani zilikuwa nyingi, na nyingi zilijengwa kwa mawe yale yale niliyoyataja. Wako waliolia. Wako pia waliosema kwamba shule ikimfundisha mtoto wa Mwislamu, wa Mkristo na wa asiye na dini kwa usawa, imefanya ilichojengewa. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka mzee mmoja aliyesema kwa utulivu kwamba jiwe alilobeba halikuandikwa jina lake, kwa hiyo hawezi kulidai.

Ushirikiano huo wa dola na kanisa haukuishia hapo. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, ni ya shirika la Msamaria Mwema lililoundwa na makanisa, lakini wengi wa watumishi wake hulipwa mishahara na Serikali. Na mwaka 1992 Serikali na makanisa yalitia saini hati ya maelewano juu ya huduma za elimu na afya. Najua kwamba hati hiyo imezua maneno mengi, hasa miongoni mwa ndugu zetu Waislamu wanaouliza kwa nini wao hawakuwamo. Swali hilo ni la haki na halipaswi kujibiwa kwa hasira. Kwa upande wangu nasema hivi: shilingi ya kodi iliyolipwa na mvuvi wa Mkokotoni ikipita katika mkono wa kanisa, mkono huo umeshika amana mara mbili, ya Mungu na ya mvuvi. Maofisa wanaosoma makala haya wanajua vizuri kuliko mimi jinsi hesabu ya amana ya namna hiyo inavyopaswa kutolewa, na jinsi inavyochelewa.

Turudi mlimani, kwa kuwa mlima wenyewe nao ni mali tuliyokabidhiwa. Wageni huutazama juu kwenye barafu, na ni kweli kwamba barafu inatoweka. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha yeyuka. Lakini maji tunayokunywa na kumwagilia hayatoki hasa kwenye barafu. Hutoka msituni, katika mkanda ule wenye ukungu unaonasa mvua na kuiachia polepole. Tangu zamani Wachagga waliyateremsha maji hayo kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kuzunguka mabonde, na kila mfongo ulikuwa na taratibu zake. Siku ya kusafisha kila nyumba hutoa mtu. Asiyekuja hutozwa faini, na asiyelipa hukosa zamu yake ya maji. Hakuna aliyeumiliki mfongo, ila wote waliulinda.

Mwaka 1941 ukanda wa upana wa nusu maili uliwekwa kando ya msitu ili wananchi wapate kuni, mbao na majani bila kuingia ndani zaidi. Ulitunzwa vizuri kwa miaka, halafu usimamizi ukahamishwa mara hii kwa ofisi hii mara hii kwa ofisi ile, na kila uhamisho uliacha pengo ambamo shoka lilipita. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikaumeza msitu wote. Mama anayetafuta kuni leo anaweza kukamatwa mahali ambapo bibi yake alikuwa na haki ya kuokota. Sisemi hifadhi imekosea. Msitu ulikuwa unakwisha. Nasema tu kwamba amana ikikosa mwenye kuulizwa, atakayeadhibiwa mwisho ni yule ambaye hakuwa na funguo. Askofu Fredrick Shoo, aliyeliongoza KKKT hadi mwanzoni mwa mwaka 2024, alilichukua jambo la miti kuwa sehemu ya mahubiri yake tangu alipokuwa mchungaji, na vijana wengi wa kipaimara katika Dayosisi ya Kaskazini wamejifunza kupanda mche kabla ya kujifunza kuvaa tai.

Wazee husimulia kisa juu ya vilele viwili vya mlima huu, nacho watoto wote wa hapa wanakijua. Mawenzi na Kibo walikuwa majirani. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Alimkuta akitwanga ndizi kavu kwenye kinu. Kibo akampa moto na ndizi akampa. Mawenzi alipofika njiani akauzima moto, akarudi kusema umezimika tena, akapewa moto na ndizi mara ya pili. Aliporudi mara ya tatu Kibo alikasirika, akauinua mchi akampiga nao. Ndiyo maana Kibo ana kichwa cha mviringo kilichotulia, na Mawenzi yuko vile alivyo, amepasukapasuka kama chungu kilichoanguka. Kisa hiki hutumiwa kuwaonya watoto wasiwe walafi. Kwa miaka mingi nami nilikitumia hivyo hivyo kwenye mahubiri ya mavuno. Kibo alikuwa na haki. Alikwisha kutoa mara mbili, na alihesabu sawasawa.

Sasa nieleze kisa changu, ambacho nisingependa kukieleza, lakini bila hicho makala haya yangekuwa ya kuwafundisha wengine tu.

Mwaka 2001 bei ya kahawa ilianguka duniani kote, na mlimani tuliisikia jikoni. Watu waling'oa mikahawa iliyopandwa na baba zao, wakapanda nyanya na mahindi. Nilikuwa mchungaji wa usharika ambao sitautaja. Tulikuwa tukijenga kanisa jipya, na kila kaya ilikuwa na kadi ya ahadi iliyoandikwa kiasi ilichoahidi na kiasi ilicholipa. Baraza la wazee lilikuwa limepitisha kwamba asiyelipa ahadi yake kwa miaka mitatu mfululizo bila sababu iliyokubaliwa asipewe huduma zote za kanisa. Utaratibu huo haukuandikwa katika katiba yoyote, bali ulikuwa mazoea, na mimi niliunyamazia kwa sababu paa lilikuwa linahitaji mabati.

Mzee mmoja akafariki. Kadi yake ilikuwa na nafasi tupu za miaka mitatu. Wanawe walikuja ofisini jioni, wamevua kofia, wakaniomba niende kumzika. Niliitazama kadi. Nikawaambia kwamba atakwenda mwinjilisti, kwamba kengele haitapigwa, na kwamba jeneza halitapitia kanisani. Niliyasema hayo kwa upole, jambo ambalo sasa huniumiza zaidi kuliko kama ningekuwa nimefoka. Mkubwa wao alisema, “Tumesikia, Mchungaji,” wakatoka. Kesho yake mzee akazikwa kihambani kwake, na mimi niliziona nguo nyeusi zikishuka njiani nikiwa dirishani.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nikipanga upya kabati la ofisi, nikakuta daftari la zamani la shule ya watoto wadogo iliyokuwa ikiendeshwa na usharika. Mwalimu wa wakati ule alikuwa ameandika kwa penseli nani alileta nini. Jina la mzee yule lilikuwamo karibu kila juma, miaka tisa mfululizo: maziwa, chupa mbili. Maziwa, chupa mbili. Baadaye nikauliza, nikaambiwa kwamba mawe ya msingi wa kanisa jipya, lile lile nililokuwa nikilitafutia mabati, trela zima lilitoka katika korongo la kihamba chake, na hakudai kitu. Hakuna lolote kati ya hayo lililoandikwa kwenye kadi. Kadi ilikuwa na safu ya fedha taslimu tu. Tulikuwa tumechapisha kadi isiyoweza kumwona mtu kama yeye.

Nilikumbuka walimu wa mwaka 1920. Nao wasingekuwa na chochote kwenye safu ile.

Huku kwetu mtu akitaka kusuluhishwa na mwenzake hubeba isale, ule mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka na kwenye makaburi. Anayeletewa isale ni vigumu kukataa. Nililikata isale kwenye mpaka wa nyumba ya usharika, nikateremka bila joho na bila kola, nikamkuta mjane anapukuchua maharage. Nilimwamkia shikamoo, ingawa kwa umri alinizidi kidogo tu. Akanitazama mkononi kabla ya kunitazama usoni. Akalipokea isale kwa mikono miwili, akaliweka juu ya ungo.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema kwamba nilikosa, kwamba kanisa lilikuwa na deni kwa mume wake na si yeye kwa kanisa, na kwamba nimekuja kusema aika, kwa kuchelewa. Alisikiliza huku akiendelea kupukuchua. Kisha akauliza jambo moja.

“Na ile ahadi yake, Mchungaji, imefutwa, au bado imo daftarini?”

Sikujua. Nilipanda tena hadi ofisini jioni ile ile nikalifungua daftari. Ilikuwa bado imo, na mtunza hazina, mtu mwaminifu ambaye sikuwa na neno la kumlaumu, alikuwa ameihamishia kwa jina la mjane.

Kikao cha baraza kilichofuata kilichukua saa tatu juu ya mstari huo mmoja. Wazee wawili walisema kwamba tukifuta mmoja wote watataka kufutiwa. Mwingine akauliza maziwa ya miaka tisa ni shilingi ngapi, akaanza kupiga hesabu mgongoni mwa bahasha, akaiacha katikati. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo alisema kwamba yeye alikunywa maziwa hayo akiwa mtoto. Kura zikapigwa. Mstari ulifutwa kwa kura saba dhidi ya tano, na kadi zilizochapishwa mwaka uliofuata ziliongezwa safu moja upande wa kulia, isiyo na alama ya shilingi.